Uji wa Mama Jazia

Hakuna aliyekumbuka ni mtoto gani aliyeanza kumwita Mama Jazia, lakini jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa mpishi wa shule yenye watoto mia sita, na neno alilolitamka kuliko jingine lolote, mwiko mkononi, lilikuwa hilo hilo. Mtoto akipita na sahani nusu, jazia. Mwalimu akidai ameshiba, jazia. Siku moja alikuja mkaguzi wa afya kuangalia usafi wa jiko, uso kaukunja, kalamu tayari. Aliondoka amekula sahani mbili na fomu yake tupu. Mama Jazia hakuwa na kikombe cha kupimia, wala hakukitaka. Chumvi aliipima kwa kiganja, maji kwa jicho, na njaa ya mtu aliipima kwa kumtazama shingo.

Ndiyo maana, siku ya pili baada ya shule kufungwa, aliposukuma mlango wa karakana ya mdogo wake, hakuhitaji kuambiwa kitu. Mdogo wake alikuwa fundi mizani. Alitengeneza mizani za maduka, za mabucha na za kliniki, na alikuwa amekaa katikati yake kama kawaida, bisibisi mkononi. Lakini shingo ilikuwa imebaki mishipa miwili na koromeo. Mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari, la mwisho likiwa karibu na ubavu.

"Mdogo wangu," alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Umekula lini?"

"Leo nimekunywa chai."

"Nimekuuliza kula."

Ukweli ulitoka kidogo kidogo. Kwa wiki sita chakula kilikuwa kinamkwama kifuani. Aliacha nyama, akaacha wali, akaacha mkate, mwisho akabaki na maji na chai. Na kila jioni dada yake alipopiga simu kuuliza amekula nini, alimpa orodha ndefu bila kumeza mate: wali, maharage, mboga, tena kaongeza parachichi. Alikuwa mgane, anaishi peke yake nyuma ya karakana, kwa hiyo hapakuwa na wa kumsuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja na sufuria, dada. Na mimi nisingeweza kumeza. Ungelia."

Alilia hivyo hivyo, kisha akamfunga mkanda, akampeleka hospitali.

Madaktari walikuta kovu kwenye njia ya chakula. Kiungulia cha miaka mingi kilikuwa kimeichoma taratibu mpaka ikabana. Asubuhi iliyofuata daktari wa upasuaji alipitisha kifaa chembamba, akaitanua, na saa chache baadaye fundi mizani alimeza maji ya kunywa bila kukunja uso. Mama Jazia alishukuru Mungu kwa sauti, akawashukuru manesi mmoja mmoja, akamshukuru na mzee wa kitanda cha jirani ambaye hakuwa amefanya lolote. Kichwani mwake tayari alikuwa amewasha majiko matatu.

Hapo ndipo alipoingia mtaalamu wa lishe. Alikuwa binti mwembamba mwenye koti jeupe lililomzidi mabega, na mkononi kashika kikombe cha plastiki chenye mistari ubavuni. Alimimina maziwa maalumu mpaka mstari wa hamsini, akainama kuutazama mstari usawa wa macho yake, akampa mgonjwa.

"Mililita hamsini," alisema. "Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kesho kutwa tutaongeza kidogo."

Mama Jazia alisubiri aone kikombe cha pili. Hakikuja.

"Binti yangu," alisema kwa upole wa kujilazimisha, "hicho ni cha kuonja. Chakula chenyewe kiko wapi?"

"Ndicho hicho, mama. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishibishwa ghafla unaweza kuzimika. Tafadhali, asipewe kitu kingine chochote. Nimemweleza na yeye."

Fundi mizani aliitikia kwa kichwa. Mama Jazia hakuitikia. Alikuwa ameona wenye mkono wa birika wengi maishani, wakiwemo wakuu wa shule wawili, lakini wa kumpimia maziwa mtu aliyebaki mifupa, tena kwa kuinama kama anatia uzi kwenye sindano, alikuwa hajapata kumwona.

Na yeye njaa ya huyu mtu aliijua kuliko mtu yeyote mwenye koti. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mitano na mdogo wake sita. Baba alikuwa anafanya kazi mbali, anarudi akirudi. Jikoni alibaki yeye. Kulikuwa na miezi ambayo unga ulitosha sahani moja, na sahani hiyo aliijaza, akaiweka mbele ya mtoto, akasema, "Kula, mimi nimeonja jikoni mpaka nimeshiba." Mtoto alikula akaimaliza, hakubakisha hata punje. Tangu siku zile mpaka leo, na sasa ana mvi, hakuwahi kurudisha sahani ya dada yake ikiwa na kitu ndani.

Saa ya kuona wagonjwa mchana, Mama Jazia aliingia wodini na kikapu. Juu kaweka shuka safi na taulo. Chini ya shuka kulikuwa na chupa ya chai, na ndani ya chupa hapakuwa na chai. Kulikuwa na uji mzito wa maziwa, karanga za kusaga na sukari ya kutosha kuamsha kijiji.

Mdogo wake aliitazama chupa, akamtazama yeye.

"Yule binti alisema..."

"Yule binti kazaliwa jana. Kunywa kabla haujapoa."

Alikunywa. Kikombe kikubwa cha bati, akakimaliza. Rangi ikamrudi usoni, au Mama Jazia aliiona imerudi, na alipotoka alitembea kwenye korido akiwa mwepesi, mwenye furaha ambayo ilimwia vigumu kuificha. Jioni alirudi na uji mwingine. Kesho yake vilevile mara mbili, na jioni hiyo akaongeza na mkate wa kuchovya, kwa vile njia ilikuwa imefunguka. Nesi wa zamu alipokuja na kikombe chake cha mililita hamsini, Mama Jazia alimpisha kwa heshima zote. Alimwonea huruma, kusema kweli.

Siku ya tatu asubuhi alikuta pazia la kitanda limevutwa.

Nyuma ya pazia mdogo wake alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi mbio. Miguu, ambayo juzi ilikuwa miti mitupu, ilikuwa imevimba kwenye vifundo mpaka ngozi inang'aa. Dada alimshika mkono. Ulikuwa mkono wa mtu anayeokota jiwe la gramu moja kwa kibano bila kutikisika, na sasa vidole havikuweza kufunga.

"Mama," alimwambia, "ile mizani ya bucha mwenyewe kaja?"

Hakuwa mama yake, wala hapakuwa na mizani.

Daktari wa upasuaji alikuwepo, mtu mkubwa, mpole, na mwenye haraka. Alisikiliza kifua, akabonyeza shingo, akazungumza na nesi kwa sauti ya chini ambayo Mama Jazia aliisikia yote, maana mpishi wa watoto mia sita husikia hata wanaonong'ona nyuma ya foleni.

"Mapigo mia na thelathini. Anahema sana. Naogopa pale nilipotanua pametoboka. Andaeni chumba cha upasuaji, nikamfungue kifua niangalie."

"Majibu ya damu ya asubuhi bado, daktari," nesi alisema.

"Hatuwezi kuyasubiri."

Hawakuyasubiri, yalikuja yenyewe, yakiwa na miguu. Aliyeyaleta alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni na harufu ya dawa ya kusafishia. Wote walimgeukia kwa mshangao kwa sababu mtu wa maabara kazi yake ilikuwa chumba cha chini, na kwa kawaida kilichopanda ngazi kutoka kwake ni karatasi.

"Samahani," alisema. "Hii damu imetolewa mkono gani?"

"Wa kushoto," nesi alijibu.

"Mkono huo una dripu?"

"Hana dripu mkono wowote tangu jana."

Mtu wa maabara alitikisa kichwa taratibu, kama ambaye alitamani jibu jingine. "Nilidhani imechanganyika na maji ya dripu, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Fosfeti yake siku aliyoingia ilikuwa chini kidogo tu ya kawaida. Leo ni robo ya ile. Potasiamu nayo imeshuka. Nimepima mara mbili, nikabadilisha mashine, nikapima ya tatu. Sijawahi kuona namba ndogo hivyo kwa mtu anayehema."

"Maambukizi yanaweza kuishusha," daktari alisema. "Kifua kikitoboka ndivyo inavyokuwa. Twende."

"Inaweza. Lakini kuna sukari, daktari. Sukari yake iko juu. Mililita hamsini za maziwa haziwezi kuipandisha vile." Alivua miwani, akaifuta kwa koti ingawa ilikuwa safi. "Mimi mgonjwa simjui, naijua damu yake tu. Na damu hii ni ya mtu aliyekula. Tena sana."

Mtaalamu wa lishe alikuwa amefika, kikombe chake mkononi. Alimwinamia mgonjwa. "Baba, umekula kitu kingine zaidi ya maziwa?"

Fundi mizani alifungua macho. Akili iliyokuwa imepotea kwenye mabucha ilirudi kwa dakika moja, na dakika hiyo aliitumia kusema uongo.

"Maziwa tu," alisema. "Ya kikombe."

"Basi ni kifua," daktari alisema. "Akisema hajala, siwezi kukaa hapa nikibishana na karatasi."

"Ukimlaza usingizi na fosfeti hii, hataamka," mtaalamu wa lishe alisema.

Manesi walishaanza kufungua breki za magurudumu ya kitanda. Mama Jazia alisimama na kikapu chake, na ndani ya kikapu, chini ya shuka, chupa ilikuwa na joto ubavuni mwake. Kwa maisha yake yote hakuwahi kuona haya kwa chakula alichokipika. Alitamani ardhi ipasuke. Aliwaza pia, na hili alikuja kulikiri baadaye, kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Kisha akatazama vile vidole visivyofunga.

Alitoa shuka, akatoa taulo, akatoa chupa, akaiweka juu ya kitanda mbele ya watu wote.

"Nimempa mimi," alisema. "Yeye anaogopa kunitaja. Ni uji. Tangu juzi mchana. Mkate pia. Yule binti alinikataza, nikamwona mjinga."

Nesi mmoja alisema "Mama", neno moja tu, na lilitosha kumchoma. Daktari aliondoa mkono kwenye kitanda. Mama Jazia alingoja kugombezwa, akaona afadhali agombezwe, lakini mtaalamu wa lishe alishika chupa tu, akaifungua, akanusa.

"Kiasi gani, mama?"

"Sijui. Sijawahi kupima kitu."

"Unaweza kunionyesha?"

Akamletea jagi la maji, kikombe cha bati kilichokuwa kwenye kabati la mgonjwa, na kile kikombe chake chenye mistari. Basi Mama Jazia akamimina maji kama alivyomimina uji juzi mchana, akasimama pale pale aliposimama siku ile. Binti akayapima. Akamimina kama ya jioni, kama ya jana mchana, kama ya jana jioni. Binti akapima na kuandika. Kila kikombe kilitoka mililita mia nne na tano, au mia nne, au mia nne na tano tena. Kisha Mama Jazia akaomba sukari ya manesi, akachota kwa kiganja kama alivyochota nyumbani, mara tano, na mtu wa maabara, ambaye alikuwa ameshatoa damu nyingine kuhakikisha na angeweza kushuka zake, alishika karatasi kuikinga isimwagike.

"Jicho lako ni mizani, mama," binti alisema, akiwa bado anajumlisha. Hakuwa anamsifu wala kumdhihaki. Alikuwa anashangaa. Kisha akamgeukia daktari. "Amepewa karibu mara nne ya kinachotakiwa, na zaidi ya nusu ni sukari na wanga. Hakuna kilichotoboka. Ni chakula."

Daktari alitazama hesabu, akamtazama mgonjwa, akavuta pumzi. "Picha ya kifua hapa hapa kitandani, kuhakikisha. Hatumfungui."

Picha ilikuwa safi. Wakasimamisha maziwa. Wakamwekea dripu ya fosfeti itembee polepole, vitamini B1 kwenye mshipa, potasiamu, na mashine ya kusoma moyo iliyolia kila pigo. Kila baada ya saa sita damu ilishuka kwenda chini, na kila mara mtu wa maabara aliipima papo hapo, akapiga simu badala ya kungoja karatasi.

Mama Jazia aliambiwa akae nje, akakaa kwenye benchi la korido. Mtaalamu wa lishe alipopata nafasi alikuja kukaa kando yake. Alikuwa na njaa, ilionekana shingoni, lakini Mama Jazia hakuthubutu kusema kitu.

"Ni mimi nilikosea kukueleza," binti alisema. "Nilikukataza tu. Hebu nikueleze kwa jiko. Mwili ukikosa chakula unazima majiko karibu yote. Unabaki na majiko machache madogo, na njiti za kiberiti zilizobaki unazibania sana. Hizo njiti ndiyo fosfeti. Sasa ukimwaga kuni nyingi kwa mpigo, sukari hiyo, kila jiko mwilini linataka kuwaka wakati mmoja, na kila jiko linachukua njiti. Njiti zote zinatoka kwenye damu. Halafu moyo unakuja kuomba ya kwake, haupati. Misuli ya kuhemea inaomba, haipati."

Mama Jazia alifikiria jiko lake la shule, majiko sita na kiberiti chenye njiti tatu.

"Kwa hiyo chakula kilikuwa kizuri," alisema polepole.

"Kilikuwa kizuri sana. Kilikuwa kingi tu."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo kuhusu chakula chake. Aliinamisha kichwa na machozi yakamdondoka mikononi. "Nisamehe, binti yangu. Nilikuita mkono wa birika. Moyoni, lakini nilikuita."

Binti alicheka kidogo, kwa uchovu. "Wananiita mabaya zaidi, mama. Na ulisema mbele ya watu. Wengine huwa hawasemi, sisi tunakuja kujua kwa kuchelewa."

Ilipofika asubuhi ya pili namba zilikuwa zimeanza kupanda. Pumzi ilishuka, mapigo yakatulia, na vidole vya fundi mizani vilifunga juu ya kidole cha dada yake, vikakaza. Siku ya nne aliuliza nani kamvalisha soksi za kike. Hapo Mama Jazia alijua amerudi mzima, akatoka nje kwenda kulia tena, safari hii kwa kushukuru. Alishukuru mpaka akaishiwa maneno. Hakuwa mtu wa kuishiwa maneno.

Shukrani yake ilikuwa na njia moja tu, kwa hiyo alikwenda nyumbani akapika. Alirudi na hotipoti, akashuka ngazi mpaka mlango wa maabara. Kwenye mlango kulikuwa na maandishi makubwa: chakula hakiruhusiwi. Alisimama akiyasoma kama mtu aliyefukuzwa. Mtu wa maabara alimwona kupitia kioo, akavua glavu, akanawa, akatoka.

"Nilikuja kukushukuru," Mama Jazia alisema. "Na sasa naona hata hilo nimelikosea."

"Benchi lile la nje halina sheria," alisema.

Wakakaa hapo. Alimpakulia, na mkono ulipotaka kuendelea akauzuia. "Niongeze, au basi?"

"Ongeza kidogo."

Aliongeza kidogo, kwa kweli kidogo, na mtu yule alikula. "Miaka kumi na nane niko chini hapa," alisema mwishowe. "Daktari wanamshukuru, nesi wanamshukuru. Ni sawa, hao ndio wanaoonekana. Mimi watu wananifikia wakiwa kwenye kichupa, wana namba. Huwa najiuliza, huyu mwenye potasiamu hii, alipona? Hakuna anayeshuka kuniambia." Akafuta miwani yake. "Asante kwa kushuka."

Mama Jazia, aliyekuja kushukuru, akajikuta anashukuriwa, na hakujua aweke wapi mikono yake.

Siku mbili kabla ya kuruhusiwa, fundi mizani alikuwa amekaa kitandani na mizani ya wodi miguuni pake, imefunguliwa tumbo. Alikuwa ameisikia, alisema, tangu siku ya kwanza walipompima; springi ilikuwa inalalamika na ilimwongezea kila mgonjwa nusu kilo. Nesi mkuu alikataa kwanza, kisha akamletea bisibisi. Hiyo ilikuwa asante yake kwa wodi nzima. Dada yake alikaa kando, kikapu kitupu mapajani.

"Yule binti alinieleza vizuri, dada," alisema ghafla, bila kuinua macho kwenye springi. "Mara mbili. Nilielewa siku ile ile. Kazi yangu ni gramu."

Mama Jazia alikaa wima. "Ulielewa? Basi kwa nini ulikunywa?"

"Ulikuwa umekishika kikombe."

"Ungesema hapana."

"Kwako?" Akaweka bisibisi chini. "Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Siku zile hukuwa unaonja jikoni. Sufuria nilikuwa naiosha mimi. Ilikuwa haina hata ukoko. Sasa mtu aliyekula sahani ya dada yake miaka ile yote, anaanzia wapi kumwambia inatosha?"

Miaka arobaini Mama Jazia aliamini uongo wake ulikuwa umefichika salama. Yeye alikuwa anamlisha ili asife njaa, na huyu alikuwa anakula ili asimvunje moyo, na kati yao wawili, kwa mapenzi matupu, nusura wazike mtu.

"Uniambie," alisema baadaye. "Siku ikitosha, uniambie. Sitavunjika."

"Nitajaribu."

Wiki ya saba baada ya hapo, mchana, Mama Jazia alifika karakana na sufuria yake. Mdogo wake alikuwa ameongezeka kilo tisa, kwa mizani aliyoitengeneza mwenyewe, na yale matundu matatu ya msumari yalikuwa yamebaki bila kazi. Ukutani, juu ya meza, kulikuwa kumetundikwa kikombe cha plastiki chenye mistari. Binti wa lishe aliwapa waende nacho, na kwa wiki tatu za kwanza Mama Jazia alikitumia kila siku, akiinama kutazama mstari usawa wa macho, akinung'unika.

Siku hizi hawakukihitaji. Alitandika meza kati ya mizani mbili za mabucha, akaweka sahani, akapakua wali, akapakua maharage, akapakua mboga. Mwiko ulirudi kwenye sufuria, ukatoka umejaa, ukaelekea kwenye sahani kama ulivyozoea kwa miaka ishirini na mbili ya shule na arobaini ya maisha.

"Inatosha, dada."

Mwiko ukasimama hewani.

Alimtazama. Alikuwa na shingo ya mtu mzima, mashavu ya mtu mzima, na macho yenye wasiwasi kidogo, ya mtoto wa miaka sita anayengoja kuona kama kavunja kitu. Mama Jazia alisikia neno lile likishuka ndani yake mpaka chini, akalingoja liume. Halikuuma. Alijisikia ametuliwa mzigo wa kuni ambao hakukumbuka aliubeba lini.

"Asante," alisema, na alimaanisha. Akarudisha mwiko kwenye sufuria, akasimama kando ya meza, mikono kwenye kiuno, kama alivyosimama siku zote watu wakila.

Mdogo wake hakuanza kula. Aliinuka, akavuta kiti kingine kutoka chini ya meza ya kazi, akapangusa vumbi la chuma kwa mkono wake.

"Kaa, dada."

"Mimi nimeonja jikoni..."

"Kaa."

Akakaa. Mdogo wake akachukua sahani ya pili, akauchukua mwiko, akaanza kumpakulia. Wali, maharage, mboga. Akatazama sahani, akamtazama dada yake shingoni, akarudisha mwiko kwenye sufuria, akaujaza.

"Jazia," alijiambia mwenyewe, akajazia.